Mlango wa Kibanda cha Ndizi

Momanyi, mwanangu,

Jua limezama sasa hivi nyuma ya mikaratusi ya jirani, Sabato imekwisha, kwa hiyo nina ruhusa ya kushika kalamu. Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi nitakuulizaje hali na wewe uko chumba cha pili, pazia liko wazi, nakiona kisigino chako na tundu la soksi? U mzima. Umekula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga ukaisafisha sahani kana kwamba huko Nakuru hawapiki. Mimi pia mwili wangu haujambo. Mengine utayasoma humu.

Usicheke kwamba namwandikia mtu ninayeweza kumgusa. Unajua mimi na wewe tunavyozungumza. Mikono yangu inajua njoo, kula, maji, ng'ombe, mvua, lala, na ile alama ya kuchuma chai ambayo wewe mwenyewe uliifanya jina langu. Kwa maneno hayo mtu anaweza kulea mtoto mpaka akaota ndevu, lakini hawezi kumweleza jambo refu. Ekegusii kilikuponyoka ukiwa na miaka mitatu. Kiswahili ulikipata shuleni kwa chaki, na mimi nilikipata Kericho kwenye laini za kambi ya chai, nikigombania bomba la maji na wanawake wa kila kabila. Basi tutakutana hapo. Pale nitakapokosea, nisamehe, mwalimu wangu alikuwa foleni ya maji.

Sitakuambia habari za kufua shati wala kujihadhari na wezi wa kule stendi. Hayo shangazi zako wamekuonyesha kwa vidole mchana kutwa mpaka ukafumba macho ili usiwaone. Maringo yako hayo. Nakuandikia kwa sababu ya ule mlango.

Jumanne ulichukua sleti ukaniandikia: "Nimeamua kuondoa mlango kwenye mchezo wetu wa kuigiza. Baba amelala kaburini. Sitaki watu wamcheke tena." Nikasoma, nikaitika kwa kichwa, ukadhani nimekubali. Wewe ukafuta maandishi kwa kiwiko ukaenda zako kufunga mizigo. Tangu hapo sijalala vizuri. Leo kanisani mchungaji alihubiri na sijui alihubiri nini.

Sasa soma taratibu, usiruke mstari. Aliyekuficha siku ile ni mimi. Si baba yako. Yeye alikataa, na mimi nikamshinda kwa maneno.

Naanza mbali kidogo ili uelewe. Ulipougua ile homa ya shingo kukakamaa, tulikuwa bado Kericho. Ulikuwa mtoto msemaji ajabu, unawaita kuku wa jirani kwa majina uliyowapa mwenyewe. Homa ilipotoka, nikaangusha sufuria nyuma yako na hukugeuka. Nikaliokota nikaliangusha tena. Nililiangusha mpaka baba yako akaingia akaninyang'anya, likiwa limebonyea. Lile sufuria la uji unaloliona jikoni hadi leo ndilo hilo. Nilikataa kulitupa, na sijui kwa nini.

Tukarudi nyumbani wakati ule wakulima wadogo walipoanza kupewa miche ya chai. Hapa kijijini watu walikuwa na maneno yao. Kwamba nyumba hii ina kitu. Kwamba kilichompata mtoto mmoja kiko kwenye damu. Dada yako Kerubo alikuwa amekua, mrefu, mchapakazi, na wachumba walikuwa wakipita. Watu wa kutoka upande wa Kiogoro walikuja mara moja kumwangalia. Walikukuta uani ukicheza na kutoa ile sauti yako, wakanywa uji, wakaaga kwa heshima, na hawakurudi tena. Kerubo alichukua mtungi. Alikwenda kisimani akakaa huko mpaka giza.

Basi waliposikika watu wengine, familia nzuri ya upande wa Keroka, nikajua atakuja esigani. Ninyi mnamwigiza kila wiki lakini wewe hukuwahi kumwona, kwa hiyo nikueleze. Esigani ni mtu anayetumwa na upande wa mume kuuchunguza ukoo kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa. Huingia kama mgeni tu, akaketi, akala, akauliza habari za mvua, na macho yake yanazunguka. Anatafuta uchawi, wizi, wazimu, kifafa. Anatafuta mtu kama wewe.

Usiku uliotangulia nikamwambia baba yako, "Momanyi asionekane."

Akasema, "Asionekane aende wapi? Huyu ni mtoto wa nyumba hii. Mgeni aje amkute. Kama ng'ombe wao wanaogopa kiziwi, wabaki nao."

Nikamwambia, "Wewe unataka Kerubo azeekee jikoni kwangu? Unataka ahesabiwe na wajane?"

 Baba yako alikuwa mtu wa kunyamaza, unajua. Mimi ndiye niliyepewa mdomo wa watu wawili. Nikalia, nikamtaja mama yake, nikamtaja Mungu, nikamwambia kwamba kama ni mtu mzima atafanya jambo moja tu kwa ajili ya binti yake. Asubuhi akakushika mkono, akakuchagulia ndizi mbivu kubwa, akakupeleka kwenye kibanda cha kuivishia ndizi, akakufungia kwa lile komeo la mti la nje. Kisha hakuondoka. Alisimama pale, mgongo wake umeegemea mbao, mpaka nikamwita mara mbili kwamba mgeni anapanda mlima.

Wewe hukuyaona hayo. Macho yako yaliona mkono wa nani? Wa kwake. Mlango ulifungwa na nani? Na yeye. Mimi nilikuwa jikoni nikichagua mchele, maana siku ile nilipika wali kama wa Krismasi. Mtoto asiyesikia huhukumu kwa alichokiona, na wewe hukukosea kuhukumu hivyo. Sisi ndio tuliokuonyesha nusu ya jambo.

Na sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Katika mchezo wenu, yule msichana anayekuwa mtoto anakwaruza mlango, anapanua mdomo, na hakuna kitu. Kimya. Yule mzee asiyeona, mpigaji wenu, anaunyamazisha obokano wake, nyuzi zote nane, na wageni wanaendelea kula bila habari. Nimeuona mchezo huo nikajua wewe unaamini nini. Unaamini hukusikika. Umekua, umeota ndevu, umefundisha wenzako kuigiza, na umebeba moyoni kwamba siku ile ulilia na sauti yako haikutoka nje ya zile mbao.

Momanyi, ulisikika. Hujawahi kuambiwa sauti yako ilivyo. Ni nzito, huanzia chini kisha hupanda, na mtu akiisikia hawezi kufanya kazi nyingine. Mlima mzima uliisikia. Wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya kijito waliinua vichwa. Nami nilisikia, nikiwa nimesimama na bakuli la mchuzi mkononi.

Esigani alikuwa mzee mfupi, mwenye koti la jeshi. Tonge likasimama mkononi mwake. Akauliza, "Nini hicho?"

Nikajibu haraka, na hata sikufikiri. Nikasema, "Ni ndama. Tumemwachisha ziwa juzi."

Baba yako akaniangalia. Miaka yote niliyoolewa naye sikuwahi kuangaliwa hivyo, wala kabla wala baada. Akanawa mikono na chakula kiko kamili kwenye sahani. Yule mzee akasema polepole, "Ndama wenu ana uchungu sana," akaendelea kula. Akala chote. Akaongezwa akala tena. Na wewe ukawa unalia muda wote huo, na mimi nikawa nacheka na kuuliza habari za mazao huko kwao, nikipandisha sauti ili nikufunike.

Nimeomba msamaha kwa Mungu juu ya neno lile mara nyingi. Naamini amenisamehe, ndivyo tunavyofundishwa. Lakini Mungu si yeye aliyekuwa kwenye kibanda.

Mgeni alipotelea bondeni, baba yako akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Akafungua. Ulikuwa umejikojolea, ndizi imekanyagwa, kucha zako zina damu. Ukamng'ata hapa, chini ya kidole gumba, ukamng'ata mpaka ukafika kwenye mfupa. Kovu lile ulikuwa ukiliona akishika jembe. Hakuutoa mkono. Akakuacha umng'ate mpaka uchoke. Kisha ukatoka mbio ukanikimbilia mimi. Mimi! Ukazika uso wako kwenye sketi yangu, na mimi nikakupapasa kichwa, nikakuacha uamini unachoamini.

Na sikiliza upuuzi wenyewe ulivyo. Siku ya kuleta ng'ombe, yule mzee alikuja tena. Watu wamejaa uani, akanivuta kando akaniuliza, "Mama Kerubo, yule ndama wenu hajambo?" Nikatamani ardhi inifungukie. Akasema, "Habari zenu nilikuwa nazo tangu sijatoka Keroka. Nani hapa hajui? Kwetu kuna mdogo wangu asiyeona, tumekula naye sahani moja tangu utoto. Mngemwacha tu akae, angepata wali." Kisha akacheka, mzee wa watu, akaenda kunywa uji na wenzake. Kerubo aliolewa, ana watoto sita, na wakwe zake wanakupenda kuliko wanavyonipenda mimi. Kwa hiyo nilikufungia bure. Hakukuwa na hata senti moja ya faida katika jambo lile.

Mwaka uliofuata tukakupeleka shule. Hapo nako nilikosea, ila kwa kutii. Mwalimu wa kwanza alituambia tusikuruhusu kutumia mikono nyumbani, eti mikono ingeua ulimi. Baba yako alilisahau agizo hilo kabla hatujafika njia panda. Mimi nililishika kama amri ya kumi na moja. Likizo zote zile, ukiinua mkono kuniambia jambo, nilikupiga vidole kwa mwiko. Ulikuwa unanieleza nini? Sitajua kamwe. Labda ulikuwa unanieleza shule ilivyo. Labda ulikuwa unauliza kuhusu kibanda. Baada ya miaka uliacha kunieleza chochote, ukawa unakuja na kuondoka mtulivu, na mimi nikawaambia wanawake wenzangu kwamba mwanangu amekuwa na adabu.

Kwa hiyo yule mwalimu wenu wa mguu mmoja alipofika hapa na fimbo zake za kwapani, akasema anakusanya kundi la maigizo, viziwi na wasioona na waliopooza, mzunguke masokoni, nilimfukuza. Unakumbuka? Nilimwambia watu wamewaona vya kutosha, sasa anataka wawaone kwa tangazo. Nikamwambia pia kwamba kanisa letu halitaki obokano wala ngoma. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniuliza, "Mama, umewahi kumwona mtoto wako akisema?" Nikamwambia mtoto wangu hasemi. Akasema, "Basi njoo sokoni."

Sikwenda. Baba yako alikwenda peke yake mara ya kwanza, huko Keroka, akarudi akawa akitembeatembea uani anacheka peke yake. Mara ya pili mlikuja hapa Nyaramba, siku ya soko, na akanivuta twende.

Nilipokuona umetoka na kofia kama ya baba yako, nikajua. Soko zima likajua. Uliuchukua mwendo wake wote, mwanangu, hata ule mguu wa kushoto unaochelewa, hata anavyokohoa kabla ya kupita mlangoni. Watu wakaangua kicheko, wakamgeukia baba yako Nyakundi mwenyewe, na yeye akacheka kuliko wote, akipiga paja. Kisha ukamshika yule msichana mkono, ukampa ndizi ya mbao, ukamwingiza nyuma ya mlango.

Nilisikia soko linanyamaza. Hiyo wewe huwezi kuijua, wacha nikuambie mimi. Soko halinyamazi. Kuna kuku, kuna wauza vyungu, kuna makanga wanaoita abiria. Siku ile palinyamaza kuanzia mbele, kimya kikarudi nyuma mpaka kwenye maduka, mpaka mtu mmoja aliyekuwa akipatana bei ya kitunguu akajisikia peke yake akaacha. Mikono yako ndiyo iliyofanya hivyo. Ile ile niliyokuwa nikiipiga kwa mwiko.

Baba yako akaivua kofia yake, akaishika nyuma ya mgongo kwa mikono miwili. Alisimama hivyo mpaka mwisho.

Na mimi? Katika mchezo wako mama analia. Mama anataka kumfungulia mtoto, baba anamzuia. Ndivyo ulivyoniweka. Wanawake wakaja wakanishika bega, "Pole, Mama Momanyi, pole sana, wanaume hawa." Nami nikaitika, "Asanteni." Niliitika, mwanangu. Nikajifuta macho kwa leso.

Njiani nikamwambia, "Baba Kerubo, akija nyumbani nitamwambia ukweli."

Akasema, "Mwendo wangu ameupata barabara. Umeona ule mguu?"

"Nasema nitamwambia."

Akasimama. Akaniambia, "Utamwambia nini? Kwamba nilikuwa mtoto mdogo nikatumwa? Mkono ulikuwa wangu. Mwache. Ana baba wa kumkasirikia na mama wa kumkimbilia. Ukimwambia, atabaki na nani?"

Nikanyamaza, na nikafurahi kunyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alininunulia upendo wako kwa jina lake, na mimi nikaupokea nikautumia miaka miwili.

Usiku huo huo alichukua nyundo akaung'oa mlango wa kibanda. Uliporudi likizo uliniuliza kwa mikono kwa nini kibanda kiko wazi, mbuzi wanaingia wanakula ndizi, nami nikakujibu kwa alama ya uzee, kwamba mzee amechoka kutengeneza vitu. Ukatikisa kichwa ukamhurumia. Hakuwa amechoka. Alisema hataki mlango pale tena, basi.

Siku tatu nne baada ya mchezo, jioni, alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mlima, amebeba mgongoni msichana mkubwa kabisa, miguu inaning'inia mpaka magotini mwa mama yake. Jasho linamtoka. Akauliza, "Ni hapa kwa yule kijana anayesema kwa mikono?" Akaketi akaniambia mtoto wake amekaa nyuma ya jiko tangu polio impate, wageni wakija anafunikwa kwa gunia. Alikuwa sokoni. Alisema aliutazama ule mlango wenu akasikia kama mtu ameuita ukoo wake hadharani. Huyo msichana ndiye Kemunto, anayewashonea nguo za jukwaani na kuwagombeza mkizichafua. Wewe unamjua tangu alipofika kwenye kundi. Hukujua alifikaje.

Ndiyo maana nakuomba usiuondoe mlango. Unataka kumlinda baba yako asichekwe. Yeye hakuwahi kutaka kulindwa. Lakini pia usiuache kama ulivyo, kwa sababu si kweli, na sasa amekufa na hawezi kuja sokoni akavua kofia. Utengeneze upya. Mtoe yule mama anayelia. Weka mama anayepika wali, anayenong'ona usiku kitandani mpaka mume anachoka. Weka baba aliyesimama nje akiegemea mbao. Na mtoto alie, Momanyi. Yule mzee wa obokano anasikia vizuri kuliko sisi sote, atakupa sauti hiyo kwenye nyuzi zake, ile nzito inayopanda. Watu waisikie. Na mgeni aisikie, tonge lisimame. Na mama aseme alichosema. Usimbadilishie neno.

Watu watanitambua, najua. Kanisani watanitazama. Wale walionipa pole watataka kurudishiwa pole yao. Niache nao, mimi nina mdomo. Ninachokiogopa ni kimoja tu, na nakisema wazi: naogopa utaisoma barua hii ukae huko huko, na nisikuone tena ukiingia kwa ule mlima. Nimezika mume mwaka jana wakati wa masika. Sina mwili wa kupoteza na mwana. Lakini kama ndivyo itakavyokuwa, heri unikasirikie mimi niliye hai, kuliko kumkasirikia yeye aliyekuacha umng'ate.

Siku zake za mwisho, sauti ilipokwisha, alikuwa akifanya kitu kwa mkono wake wa kulia juu ya blanketi. Kerubo alidhani ni homa. Nilijua. Alikuwa akikutafuta kwa mikono, amechelewa kama mimi. Nilijaribu kuisoma ile alama nikashindwa. Mkono unakunjika, unafunguka, unakunjika, unafunguka. Nitakufanyia kesho pale Keroka kabla gari halijaondoka, huenda wewe ukaelewa. Usinitafsirie kama ni kitu kinachohusu wewe na yeye tu.

Jambo la mwisho ni lile sanduku lako. Nilikuambia baba yako alikuachia, ukashukuru, ukalisifu kwamba ni zito na imara. Mbao zile zilikaa darini kwetu tangu usiku ule wa nyundo. Alipoona haponi, akanituma nizipeleke kwa fundi wa Keroka akutengenezee sanduku la kubebea vifaa vya jukwaani, na bawaba ziwe zile zile. Fundi alitaka kupiga randa pande zote. Nikamwambia maneno niliyotumwa, apige randa upande wa nje tu, upande wa ndani asiuguse.

Kabla hujapanga nguo, sogeza taa karibu, fungua kifuniko, ingiza mkono upapase mbao kwa ndani, chini, kwa kimo cha mtoto wa miaka saba. Utakuta mikwaruzo. Mingi. Ni ya kucha zako.

Mimi nimekaa hapa jikoni. Nimeacha pazia wazi.

Mama yako,
Bosibori